Hati Iliyolala Hazina na Gunia Lililolala Shambani

 Kama uko jikoni, ongeza sauti kidogo. Kama uko safarini, nakuombea barabara unayopita iwe imekamilika, maana leo tunazungumzia zile ambazo hazijakamilika. Kila mwaka, kuanzia Aprili mpaka mwishoni mwa Juni, Bunge letu hukaa Dodoma kujadili bajeti ya Serikali, na ukifuatilia vikao hivyo utasikia hotuba ya aina moja ikirudi kila mara. Anasimama mbunge wa jimbo la vijijini. Anaanza na wakulima wake: mbolea imechelewa, bei imeporomoka, mnunuzi kachukua mzigo na hajalipa. Hajamaliza hapo, anahamia kwenye barabara: mkandarasi kaondoa mitambo saiti, ukimuuliza anasema hajalipwa. Kengele ya kwanza inalia, mheshimiwa anaongeza mwendo. Inalia ya pili, anajibana haraka, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja," anakaa. Wapo wanaomcheka mbunge huyu. Wanasema kachanganya mambo, kwamba kilimo kina wizara yake na ujenzi una wizara yake, na kwamba mtu mwenye dakika chache angechagua moja. Mimi leo nataka kumtetea kwa jambo moja na kumbana kwa jambo jingine. Namtetea kwa kumweka mkulima na mkandarasi kwenye hotuba moja, kwa sababu deni la mmoja hulipwa na mwingine. Nambana kwa ile sentensi yake ya mwisho, na tutaifikia.

Tuanze na mkandarasi. Inakuwaje mtu amejenga barabara ya Serikali, barabara tunaiona, halafu hajalipwa? Msikilizaji, barabara hailipwi kwa mkupuo. Mkandarasi akishasaini mkataba anaweza kupata malipo ya awali, tena kwa dhamana ya benki, kisha anaanza kazi kwa fedha yake mwenyewe. Baada ya kipindi fulani mhandisi msimamizi anapita kupima: tuta limefika wapi, kalavati ngapi zimewekwa, changarawe imeshindiliwa ikafikia kiwango au bado. Akiridhika, anaidhinisha hati ya malipo. Hati hiyo inakwenda TANROADS kama ni barabara kuu au ya mkoa, au TARURA kama ni ya wilaya, na kutoka huko ombi la fedha linakwenda Hazina. Kwa miradi ya maendeleo, yaani ujenzi mpya wa lami na madaraja, safari nyingi huishia hapo. Hati ipo, sahihi zote zipo, fedha haipo. Naomba tuelewane vizuri: simzungumzii mtu anayedai malipo ya kazi ambayo hakuifanya. Namzungumzia mtu ambaye kazi yake imepimwa na kukubaliwa na mtaalamu aliyewekwa na Serikali yenyewe. Huyu sasa anasubiri, na anaposubiri riba ya mkopo wake benki haisubiri. Anadaiwa na muuza dizeli na aliyemkodisha greda, vibarua wake wanadai wiki zao, na kule pembeni ya saiti mama lishe aliyekuwa akiwapikia vibarua kwa kuandika daftarini anadai daftari zima. Mama huyo hajawahi kusikia neno Hazina likihusishwa na sufuria yake, lakini yumo kwenye foleni ile ile.

Na hapa kuna jambo la kuangalia kwa makini. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imepanua wigo wa kazi za ujenzi zinazotengwa kwa ajili ya kampuni za Kitanzania, mpaka zile za thamani ya shilingi bilioni 50. Zamani kikomo kilikuwa bilioni 10. Ni uamuzi mzuri, na waliupigania watu wengi, wabunge wakiwemo. Lakini umempa kazi kubwa zaidi yule ambaye mtaji wake ni mdogo zaidi. Kampuni kubwa ya kigeni malipo yakichelewa ina mtaji wa kusukumia siku, ina wanasheria, na mkataba unairuhusu kudai riba ya ucheleweshaji, nayo huidai bila haya. Kampuni ya mzawa ambayo nyumba ya mwenyewe ndiyo dhamana ya mkopo mara nyingi huogopa hata kuitaja hiyo riba, kwa hofu ya kuonekana msumbufu wakati inataka kazi nyingine mwakani. Kwa hiyo ucheleweshaji ule ule unamlipa mmoja na kumfilisi mwingine. Na hiyo riba inayolipwa ni fedha yetu. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeitaja mara kwa mara, mwaka huu na mwaka ule: fedha zilizolipwa au zinazodaiwa kwa sababu tu Serikali ilichelewa kulipa. Hazikujenga hata kalavati moja.

Sasa tushuke shambani, maana ndiko deni hili linakoshukia. Mtandao wa barabara zinazohudumiwa na TARURA una urefu wa zaidi ya kilomita 144,000, na sehemu kubwa ni za udongo. Hizo ndizo barabara za mkulima. Lami ya barabara kuu yeye huikuta akiwa tayari ameshauza, au ameshanyonywa. Jiulize, msikilizaji: bei ya mahindi pale shambani hupangwaje? Dalali hupiga hesabu kwa kurudi nyuma. Anaanza na bei ya sokoni mjini, anatoa nauli ya Fuso, anatoa ushuru, anatoa wapakiaji, anatoa faida yake, na kinachobaki ndiyo bei anayomtajia mkulima. Barabara ikiharibika, mlaji wa Manzese haongezi hata senti kwa ajili ya tope la Ileje au Kyerwa, kwa sababu mahindi na ndizi vinakuja pia kutoka kwingine kunakopitika. Nauli ndiyo inayopanda, na nauli ikipanda kinachopungua ni kile kilichobaki mwisho wa hesabu, yaani cha mkulima. Asipokubali, gari halirudi, na dalali anajua kwamba halirudi. Ndiyo maana huko kusikopitika lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, haifi hata ipigwe marufuku mara ngapi: mwenye gari moja lililofika kijijini ndiye mwenye mizani. Mwenye mahindi anaweza kusubiri kidogo, ingawa ada ya shule ya Januari haimsubiri. Mwenye nyanya au maziwa hana hata hiyo nafasi. Kwa maneno mengine, hati ya malipo inayolala Hazina inageuka kuwa tozo kwa mkulima, tozo ambayo hakuna mbunge aliyeipigia kura.

Tena afadhali barabara ambayo haijaguswa kuliko iliyoachwa katikati. Barabara ya zamani, hata kama ni mbovu, madereva wanajua mashimo yake. Mkandarasi akishaingia anakwangua ya zamani, anafungua mchepuko wa muda pembeni, anamwaga tuta. Akisimama hapo kwa kukosa malipo, mchepuko uliokusudiwa kudumu miezi michache unakuwa ndiyo barabara, na tuta lisilofunikwa linaliwa na mvua. Tunakumbuka mvua za El Niño za msimu wa 2023 na 2024, na tunakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Somanga, malori yakapanga mistari. Ile ilikuwa barabara ya lami, kuu, iliyokamilika. Fikiria sasa tuta la udongo la wilayani lililokaa misimu miwili bila changarawe. Mkandarasi akilipwa hatimaye na kurudi, anaanza kwa kujenga upya alichokwisha kujenga, na gharama ya kurudia lazima aibebe mtu. Naomba nirudie hilo kwa sababu ni kiini cha hoja: kuchelewa kulipa hakuokoi fedha. Kunaiongeza bei ya barabara, na kunaipunguza bei ya gunia.

Atatokea mtu aseme, mbona Serikali imeongeza fedha za kilimo? Ni kweli, imeongeza, na tena sana. Bajeti ya kilimo ilitoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23. Agosti 2022, katika sherehe za Nane Nane jijini Mbeya, ikazinduliwa ruzuku ya mbolea. Aliyekuwa Waziri wa Kilimo wakati huo, Hussein Bashe, ndiye yule yule aliyekuwa mbunge wa kawaida wa Nzega Mjini akiisema Serikali ya chama chake bungeni kuhusu kumtelekeza mkulima, kabla hajateuliwa naibu waziri mwaka 2019. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kelele za mbunge hazina faida. Zina faida, tumeona. Lakini mfuko wa mbolea ya ruzuku nao unasafiri kwa barabara. Punguzo lililotolewa kule juu linaweza kuliwa na kilomita chache za mwisho, pale ambapo lori limegoma na mfuko unapanda bodaboda. Ukiongeza fedha za kilimo huku barabara ya kijiji imesimama kwa deni, sehemu ya fedha hizo umempa mwenye chombo cha usafiri.

Na kutenga fedha ni jambo moja, kuitoa ni jambo jingine. Somo hili wabunge wa Mtwara na Lindi wanalijua vizuri. Sheria ya korosho ilikuwa inaelekeza asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazosafirishwa nje irudi kwenye kuendeleza zao lenyewe. Fedha hizo hazikutoka kama sheria ilivyotaka, na mwaka 2018 wabunge wa kusini, Nape Nnauye wa Mtama akiwa miongoni mwa waliosikika zaidi, walizidai bungeni kwa ukali. Jibu lilikuja kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka huo huo: mgawo ukafutwa, ushuru wote ukaelekezwa Mfuko Mkuu. Miezi michache baadaye soko likayumba, wanunuzi na wakulima wakavutana kuhusu bei, na Novemba 2018 Rais John Magufuli akaamua kwamba Serikali yenyewe inunue korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, zikisombwa na jeshi. Bei ilikuwa nzuri. Shida ikawa malipo. Uhakiki ukachukua muda, mkataba uliosainiwa Januari 2019 na kampuni moja ya Kenya ya kununua korosho hizo ukavunjika miezi michache baadaye, na wapo wakulima waliosubiri fedha zao mpaka msimu wa kupalilia ukawapita. Mkulima aliyesubiri namna hiyo, msimu unaofuata ndiye anayeuza kwa kangomba, yaani mlanguzi wa korosho, kwa bei ya kutupa, kwa sababu kangomba anatoa fedha mkononi. Linganisha na mkandarasi mdogo aliyesubiri malipo: naye anauza greda lake kwa hasara ili alipe benki. Mdai wa Serikali ni mdai wa Serikali, awe na jembe au awe na kijiko.

Sasa tumgeukie mheshimiwa wetu, tumbane. Bunge lina chombo ambacho wengi mnakijua kwa jina la kushika shilingi. Mjadala wa wizara ukiisha, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi, na mbunge ambaye hajaridhika anaweza kutamka kwamba atashika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apate maelezo. Ni kitendo cha ishara, lakini kina uzito: kinamsimamisha waziri, kinafungua mjadala, kinaingia kwenye Kumbukumbu Rasmi za Bunge. Je, wabunge wetu huishikia nini hiyo shilingi? Mara nyingi sana hushikia barabara mpya. "Ni lini Serikali itajenga kwa kiwango cha lami barabara ya kutoka kwangu mpaka kwa jirani yangu?" Na waziri anajibu kwa maneno ambayo mimi na wewe tunaweza kuyaghani: upembuzi yakinifu na usanifu wa kina umekamilika, ujenzi utaanza pindi fedha zitakapopatikana. Mbunge anamshukuru waziri, anarudisha shilingi. Unaona lililotokea? Yule yule aliyelalamika asubuhi kwamba makandarasi hawajalipwa, jioni ameomba mkataba mpya uongezwe kwenye foleni ya wasiolipwa. Kila barabara mpya inayosainiwa kabla ya zile za zamani kulipiwa ni hati nyingine itakayolala. Na kuna jambo la pili: shilingi anayoishika ni ya Waziri wa Ujenzi, mtu ambaye hati imeshatoka mezani kwake na naye anasubiri kama wengine. Anayetoa fedha yuko Wizara ya Fedha. Huko ndiko shilingi inakotakiwa kushikwa, na swali liwe la kuhesabika: hati ngapi zilizohakikiwa zimepita miezi mitatu bila kulipwa, za barabara zipi, na zitalipwa kwa mpangilio gani, ya kwanza kuingia ikiwa ya kwanza kutoka?

Najua pingamizi zitakuja, na zina haki ya kujibiwa. Wa kwanza atasema: mbunge anayepigania makandarasi huenda mwenyewe ana kampuni, au kampuni ilimchangia kampeni. Inawezekana, na simtetei huyo. Dawa yake ni orodha ya madeni iwe wazi, kila hati na tarehe yake, ili mwenye mjomba asiruke foleni. Wanaofaidika na giza ni wale wale tunaowashuku. Wa pili atasema makandarasi wetu nao wana yao, barabara inafumuka kabla ya mwaka. Sawa, wapo. Lakini hati ya malipo hutolewa baada ya kazi kupimwa, na mkataba una kipindi cha matazamio na fedha ya zuio kwa ajili ya kasoro. Kama kazi ni mbovu, ikataliwe siku ya kupimwa na msimamizi awajibike. Kuikubali kazi kisha kutoilipia si adhabu kwa mzembe, maana mzembe na hodari wote wanasubiri sawasawa, na hodari ndiye anayekata tamaa mapema.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito zaidi. Atasema: fedha haipo. Nchi ina reli ya kisasa, imejenga Bwawa la Nyerere la megawati 2,115, ina mishahara na deni la Taifa, utalipa na nini? Hoja hii naiheshimu. Lakini kama fedha haipo, haikuwepo pia siku mkataba uliposainiwa, na swali linarudi pale pale: kwa nini tulisaini? Wenzetu wa Kenya wametuonyesha mwisho wa njia hii. Madeni ya makandarasi wa barabara yalikua mpaka wakaamua kuchukua shilingi 7 kati ya shilingi 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara kwa kila lita ya mafuta, mapato ya miaka ijayo wakayageuza kuwa fedha ya leo, ili kupata takriban shilingi bilioni 175 za Kenya za kulipa. Makandarasi wakaanza kulipwa, mitambo ikarudi kazini, na sitawabeza kwa hilo. Ila fedha ile ilikuwa ya kuziba mashimo ya kesho. Na sisi tuna tozo zetu: tangu Julai 2021 tunalipa shilingi 100 zaidi kwa kila lita ya petroli na dizeli, nyongeza iliyoelezwa kuwa ni ya barabara za vijijini na mijini. Mwenye bodaboda anailipa, mkulima anailipa ndani ya nauli. Wana haki ya kuuliza imefika kilomita ya ngapi.

Wa nne atanikumbusha Katiba. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti, kwa hiyo mbunge atathubutuje? Ndiyo, na hakuna anayemtaka aikatae bajeti nzima. Kati ya kuangusha bajeti na kusema "asilimia mia moja" kuna nafasi pana sana, na humo ndimo ilimo Kamati ya Bajeti, humo ndimo yalimo maswali ya kila asubuhi na taarifa za utekelezaji, na humo ndimo ilimo ile shilingi. Mbunge anaweza kuunga mkono hoja na bado akagoma kurudisha shilingi mpaka apewe ratiba ya malipo yenye tarehe.

Imebaki pingamizi moja, na hii inatuhusu sisi. Mbunge atasema: ninyi wapiga kura mnataka barabara mpya. Nikirudi jimboni nikawaambia nimepigania hati za zamani zilipwe, mtanizomea, mtampa kura yule aliyeahidi lami. Ana haki ya kuogopa. Hakuna anayekata utepe kwa ajili ya hati iliyolipwa. Lakini msikilizaji, mkutano wa hadhara unaofuata kijijini kwako hauna haja ya kuwa kama uliopita. Mheshimiwa akisimama kuahidi kilomita mpya, mwulize kwanza habari za lile tuta lililosimama pale mtoni: mkandarasi anadai kiasi gani, hati yake ya mwisho ilisainiwa lini, na yeye mbunge aliliuliza hilo kwa waziri gani. Akikujibu kwamba alimwuliza Waziri wa Ujenzi, mwambie amwulize na mwenzake wa Fedha.